Kiti cha Burgumesta

Hakuchaguliwa hata mara moja, kwa sababu uchaguzi wenyewe haukufanyika hata mara moja. Hata hivyo avenyu nzima, mtaa wetu wote, tulimwita Papa Konseye, yaani diwani, naye aliitikia bila aibu wala tabasamu, kama mtu anayeitwa kwa jina alilobatiziwa. Sheria ya nchi inasema kila komini, tarafa ya mji, iwe na baraza la madiwani waliopigiwa kura na wakazi, na baraza hilo ndilo limchague burgumesta, mkuu wa komini. Sheria ipo. Uchaguzi umetangazwa, ukaahirishwa, ukatangazwa tena, ukasahauliwa. Kwetu Likasi burgumesta bado anakuja kwa ordonnance, karatasi iliyotiwa sahihi Kinshasa, na anaondoka kwa karatasi nyingine, nasi tunazisikia habari zake redioni kama wageni tunaopita mjini.

Yeye alikuwa amepeleka faili lake la ugombea siku uchaguzi ulipotangazwa kwa mara ya kwanza. Ulipoahirishwa, aliamua kwamba kuchelewa kwa uchaguzi si sababu ya yeye kuchelewa kazini.

Ndipo likaanza baraza. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mifereji, alikuwa akipanga viti kumi na viwili barabarani mbele ya kiwanja chake. Hakuna viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, kimoja cha chuma kutoka kantini ya kiwanda iliyofungwa zamani, kimoja kilikuwa na kibao cha kuandikia, cha shule ya masista. Kumi na kimoja vilikuwa vya majirani. Cha kumi na mbili, kiti cha mikono cha mbao nyekundu, aliweka mwishoni mwa duara na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Hicho kilikuwa cha burgumesta. Kila mwezi alimwandikia barua ya mwaliko, na kila mwezi kiti kilibaki kitupu, kimegeuzwa kutuelekea sisi, kinatutazama.

Kanuni zake zilikuwa mbili. Kwanza, kila mtu ana dakika tatu, zinazopimwa kwa saa ya kengele ya bluu iliyopasuka kioo. Pili, anayepiga kura ni aliyekaa. Aliyesimama hahesabiwi.

"Muntu anasimama ni muntu anapita," alikuwa akisema. "Mwenye anaikala, ule njo anakubali kubakia."

Kuikala, kwetu, ni kukaa, na njo ni ndiye. Wengi tulidhani kanuni hiyo ni ukaidi wa mzee tu. Sababu yake niliijua baadaye.

Niliporudi kutoka chuoni Lubumbashi na shahada mkononi na kazi hakuna, alinifanya katibu. Hakuniuliza. Alinipa daftari, karatasi ya kaboni na kalamu ya bik, akasema, "Mwana, umesoma chuoni. Sasa andika." Tulijadili mfereji uliokuwa ukifurika, bomba lililokohoa hewa siku tatu kwa wiki, nguzo ya umeme iliyoinama juu ya bati la mjane mmoja. Juu yetu zilipita nyaya nene zinazoleta umeme kutoka Mwadingusha, kwenye mto Lufira. Zilipita juu ya paa zetu bila kubisha hodi, huku chini tukila bukari, ugali wetu, kwa mwanga wa mshumaa. Papa Konseye alipenda kuzinyoshea kidole.

"Banasema tuko mbali na serikali," aliwaambia watu. "Muangalie pale. Tuko mbali na nini?"

Kila Jumatatu alipanda baiskeli na nakala mbili za kumbukumbu za kikao, PV tulivyoziita, hadi ofisi ya komini. Hakuwa akidai mfereji. Alidai muhuri, ule unaogongwa juu ya nakala kuonyesha kwamba barua imepokelewa. Nilifuatana naye mara nyingi, na mazungumzo yake na katibu wa komini nayajua kama sala.

"Papa, nilisha kukuambia. Hii baraza yako haiko mu sheria."

"Na ile burgumesta yako iko mu sheria?"

"Iko mu ordonnance."

"Bon. Na minye niko mu avenyu. Piga muhuri."

Muhuri haukupigwa. Basi yeye alikuwa akichukua bik, anaandika mwenyewe chini ya ukurasa: imekataliwa kupokewa, saa tatu na dakika kumi, mbele ya askari mmoja na mama mmoja muuza karanga. Kisha anakunja karatasi, anamshukuru katibu kwa adabu kubwa, anaondoka. Ana sanduku zima la karatasi za namna hiyo. Nimezisoma zote. Sijui kitabu chochote cha historia ya mji huu kinachosema ukweli kuliko sanduku lile.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitoka upande gani. Si kwamba sijui. Avenyu nzima inajua, na kulikuwa na miaka ambapo kujua huko kulitosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alikuwa amegoma kulitaja. Fomu zetu, hata ile ya kuomba cheti cha makazi, zina mistari minne: mkoa wa asili, teritwari, sekta, kijiji. Papa Konseye aliandika "Likasi" mara nne.

"Papa, kijiji haiwezi kuwa Likasi," karani alilalamika; alitaka kijiji cha mababu. "Tunataka kule bankambo yako banatoka."

"Bankambo yangu balisha kufa. Minye niko muzima, na maji yangu banaikata hapa."

Siku moja walikuja askari wawili kuvunja baraza. Mmoja alikuwa kijana mwenye buti mpya, mwenzake mtu mzima aliyekuwa ametembea tangu asubuhi na vumbi limempanda hadi magotini. Kijana alipaza sauti kwamba mkutano hauna kibali na kwamba Buluo si mbali. Buluo ndipo palipo gereza kubwa. Kwetu jina hilo hutumika kuwanyamazisha hata watoto.

"Buluo?" Papa Konseye akauliza. "Kule bantu beko mingi kuliko hapa. Tutafanya baraza ya muzuri sana. Kitu moja tu: munibebee viti."

Watu walicheka. Wakati wanacheka, yule mkubwa aliona kiti cha plastiki kiko wazi, akajitupa juu yake na kuvua kofia. Mke wa Papa Konseye akamletea kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Kura ya mfereji ilipofika, Papa Konseye alimgeukia.

"Afande, umekaa. Uko na kura."

Mtu yule alitutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mtego. Kisha akainua mkono polepole. Niliandika: askari mmoja, amekubali. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ambayo Papa Konseye aliinakili mara tatu.

Chama chake sitakitaja, maana hadithi ni ile ile kwa vyama vyote. Alijiunga nacho wakati kadi yake ilibidi ifichwe ndani ya gunia la unga. Chama kilikuwa na kitabu kidogo cha itikadi, na yeye alikibeba kila mahali, kimefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kwamba mkoa, mji na komini vijitawale, vichague wakuu wao, na sehemu ya kinachochimbwa katika ardhi yao ibaki pale pale kilipochimbwa. Ukurasa huo alikuwa ameusoma hadi wino ukafifia, akaupitishia bik juu, herufi kwa herufi.

Kisha chama kikaingia madarakani. Wiki hiyo avenyu yetu ilicheza hadi asubuhi. Katika mkutano wa kwanza wa tawi, mwenyekiti alipomaliza kusoma majina ya walioteuliwa, Papa Konseye alisimama nyuma ya ukumbi.

"Camarade président. Ukurasa ya kumi na moja."

"Papa, ile ukurasa ilikuwa ya wakati wa upinzani."

"Kitabu ilikuwa moja. Sikuona kama mwanzo iko na chama moja na mwisho iko na chama ingine."

Walicheka, wakampa jina la utani, "Ukurasa". Mwenyekiti alieleza kwamba taifa kwanza, kwamba watu wa chini hawajawa tayari, kwamba kugawa madaraka sasa ni kuwapa maadui kisu. Jumapili hiyo hiyo, ng'ambo ya mji, chama kilichoanguka, ambacho kwa miaka yote kiliapa kwa umoja wa nchi, kilifanya mkutano wa kudai mikoa ijitawale. Papa Konseye alienda pia huko na kitabu chake. Aliporudi alikaa barazani akicheka peke yake hadi machozi.

"Mwana," aliniambia, "chama zote zinataka kugawa madaraka zikiwa inje. Mulango ikifunguka, zinaingia na kufunga kwa ndani. Minye sina chama tena. Niko na ukurasa."

Lakini kadi hakuirudisha. Aliilipia kila mwaka. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba mwenye kadi anaruhusiwa kusimama nyuma ya ukumbi na kuwaharibia mkutano, na raha hiyo hawezi kuwaachia.

Nisimfanye mtakatifu. Alihubiri dakika tatu kwa kila mtu, ila yeye mwenyewe alizungumza nusu saa na kuilaza saa ya kengele kifudifudi. Nyumbani mwake redio ilikuwa na mkono mmoja tu wa kuizungusha, wa kwake. Funguo zote, hata ya kabati la chumvi, zilining'inia kiunoni mwake. Mke wake, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa akisema kwa dirisha la jikoni, ili baraza zima lisikie, "Mukimaliza kugawa madaraka ya nchi, mukuje mugawe na ya hii nyumba. Hapa bado iko Kinshasa."

Mama huyo hakukaa barazani kamwe. Alileta munkoyo, alikusanya vikombe, alisikiliza kila neno akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Juu ya burgumesta, ambaye mumewe alimpigia kelele kila mwezi, alikuwa na maoni yake, na hakuyaficha. Ukuta kati ya kiwanja chao na chetu ni mfupi, na nimewasikia wakizungumza jioni nyingi. Alimwita Tatu, kama kwao wanavyomwita baba.

"Tatu, unataka serikali ikuye karibu?"

"Ikuye karibu. Nimuone macho."

"Minye nilisha kumuona macho. Alikuwa na liste mu mukono, na jina yetu mu liste. Na ule muntu alikulaka bukari yangu. Kinshasa haikukulaka bukari yangu, haikujua mulango yangu. Kinshasa ikae mbali kule kule."

Kisha sauti ya mumewe, iliyopungua nguvu:

"Njo juu ya ile nataka aikale, mama. Pale kwa kile kiti."

Kiti kile ninakifahamu kwa sababu kililala nyumbani kwetu miaka mingi. Katika miaka ile ya kufukuzana, watu waliotajwa kuwa si wa hapa walitolewa nyumbani mwao na makundi ya vijana, wakakimbilia kituo cha reli kungoja garimoshi la kuwapeleka kwenye mkoa ambao wengi wao hawakuwa wameuona. Walingoja majuma na majuma, juu ya mizigo yao, chini ya turubai. Papa Konseye na mke wake walikuwa wamebeba kiti kimoja, kiti cha mbao nyekundu ambacho yeye mwenyewe alikichonga walipooana. Mama alikaa juu ya kiti hicho na mtoto wao wa tatu mapajani. Mtoto huyo hakupanda garimoshi. Lilipofika, hapakuwa na nafasi ya kiti. Baba yangu, fundi wa kiwandani, mtu wa hapa hapa ambaye hakuna aliyemuuliza kijiji chake, alikwenda kituoni na mkokoteni, akakikuta kimeachwa kwenye jukwaa, akakileta kwetu. Hakuwa amefanya lolote kuwazuia waliowafukuza. Alifanya hilo moja.

Waliporudi, miaka ikiwa imepita, baba alikibeba kiti kichwani, akakiweka mbele ya mlango wao, akaondoka bila kusalimia. Hakuweza kusalimia. Papa Konseye alikipangusa vumbi. Mama alikitazama, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuwahi kukikalia.

Basi sasa unaelewa kanuni ya waliokaa. Waliokuja mlangoni pao na orodha walikuwa wamesimama. Waliotazama bila kusema, walikuwa wamesimama. Mtu mmoja aliyeteuliwa kutoka mbali aliamua ndani ya ofisi yake nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na hapakuwa na mahali pa kumketisha na kumwambia: jibu. Mama alitoka pale kituoni akiamini kwamba madaraka yakikaa karibu yataua tena. Mumewe alitoka kituo hicho hicho, na mtoto yule yule amewafia mikononi, akiamini kwamba madaraka lazima yakae karibu kiasi cha kushikwa shati. Waliishi na imani hizo mbili katika nyumba moja, wakilala kitanda kimoja, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Halafu akaja mjumbe wa chama. Alikuwa kijana kutoka Lubumbashi, viatu vimechongoka, simu mbili mkononi, na alivikataa viti vyote vya nyumba ile, akabaki amesimama. Alisema orodha ya maburgumesta wapya iko tayari kwenda Kinshasa. Alisema chama kimemkumbuka mzee wake. Jina lake limo.

"Nitauliza," Papa Konseye akasema.

"Utauliza nani, Papa?"

"Baraza."

Kijana alicheka. "Papa, ordonnance haiulizwake."

"Kama haiulizwake, juu ya nini umefunga safari kuniuliza?"

Jumamosi iliyofuata, ingawa haikuwa ya kwanza ya mwezi, viti vilipangwa. Havikutosha, watu walikuja na vigoda na madumu ya maji, wakayakalia. Mjumbe alikuwepo, amesimama kando ya gari. Papa Konseye alieleza jambo lenyewe kwa dakika tatu, za kweli, kwa saa. Alisema: miaka yote hii nimewaambia kwamba mkuu wa hapa atoke kwenu. Sasa wanataka nitoke kwao. Museme.

Alitarajia nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani alitarajia tumkataze.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yake wa chini, mama ambaye nyumba yake ilijaa maji ya mfereji kila masika, na ambaye hata siku moja hakuzungumza kwa upole.

"Papa Konseye, minye nimechoka na PV. Kila mwezi tunaandika mufereji, mufereji. Maji haisomake. Kama ukiikala kule juu, mufereji itatengenezwa. Banakupa kiti? Ikala!"

Makofi. Mikono ikainuka, yote, ya viti na ya vigoda. Nami niliinua wangu. Nilitaka kumwona ndani ya ofisi ile, mbele ya katibu yule, muhuri mkononi.

"Anapinga nani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Hakuna mwenye anapinga? Baraza yenye haina hata moja wa kupinga ni kwaya."

"Minye," mke wake akasema kutoka mlangoni. "Ile muhuri haitalala mu nyumba yangu."

Shingo zote ziligeuka. Papa Konseye akamgeukia.

"Ikala, mama. Ikala tukuhesabie."

Nafasi ilikuwa moja tu katika duara zima, kiti cha mbao nyekundu. Alikitazama. Akageuka, akaingia ndani. Niliandika: wote wamekubali, aliyepinga hakuna.

Barua ya kujibu chama aliiandika kwa mkono wake usiku huo huo, na kesho yake akanipa niinakili. Alisema anashukuru. Alisema ameshachaguliwa: wakazi waliotajwa hapa chini, wakiwa wamekaa, wamemchagua awe burgumesta kwa upande wa avenyu yao, na anazialika avenyu nyingine za komini zipange viti na kufanya vivyo hivyo. Kwa kura hizo anakubali kazi. Ordonnance ya Kinshasa haihitaji, ila hawezi kuwazuia kuiandika wakipenda. Ameambatanisha kumbukumbu za kikao. Tafadhali mpige muhuri wa kupokea.

Mjumbe alipiga simu mara moja tu. "Papa, unacheza." Wiki mbili baadaye redio ilisoma jina la mtu mwingine.

Avenyu ilimgeuka. Mama wa mfereji alikuja hadi mlangoni kwake, kanga kiunoni, viganja hewani.

"Weye njo ulitufundisha kura! Tulipiga kura! Juu ya nini ya kwetu haukuiheshimu?"

"Mulinituma nikubali. Nilikubali. Beye njo banakataa."

"Ulijua batakataa."

Angeweza kusema hapana. Nilikuwa hapo, na nilikuwa upande wa yule mama.

"Nilijua," akasema.

Yule mama alitema mate pembeni, akaenda zake, na kiti chake cha chuma akaja kukichukua kesho yake. Mwezi uliofuata tulikuwa wanne. Mwezi wa pili tulikuwa wawili, mimi na yeye, na mvua inanyunyiza. Alisoma ajenda yote, kutoka juu hadi chini, kwa viti vitupu, kisha akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Akasema basi tuendelee na mfereji.

Alimaanisha hivyo hasa. Aliingia ndani, akatoka na beleshi, akashuka hadi mbele ya nyumba ya yule mama na kuanza kuchimba. Mvua ilipokolea hakusimama. Nilichukua jembe la baba. Siku ya nne yule askari mtu mzima, aliyekuwa akipita kwenda zamu, aliweka kofia yake juu ya ukuta na kuchimba saa nzima. Siku ya sita mama wa mfereji mwenyewe alitoka, akatutazama, akasema, "Munachimba vibaya, maji itarudi kwangu," akaninyang'anya jembe. Masika hayo nyumba yake haikujaa maji. Beleshi lilikuwa limempasua Papa Konseye mguu juu ya kifundo, naye akalifunga jeraha kwa kitambaa na kuendelea kuchimba, na mguu huo haukupona tena sawasawa.

Kiti cha chuma kilirudi. Vingine vikafuata, kimoja kimoja, bila hotuba.

Sasa ninaishi Lubumbashi. Mwaka huu nilipanda teksi-basi kwenda Likasi, Ijumaa, ili niwahi Jumamosi ya kwanza. Kesho yake nilimkuta barazani, mguu umevimba juu ya kigoda, funguo bado kiunoni, saa ya bluu gotini. Amekonda. Macho hayajakonda. Viti vilikuwa vimejaa kabla sijafika; nilikaa juu ya dumu, na daftari likaletwa bila mtu kuniuliza kama bado ni katibu.

Tulimaliza mambo ya bomba na nguzo. Ndipo akasema kuna jambo la mwisho, lake mwenyewe.

"Kile kiti," akasema, na hakugeuka kukitazama. "Nimengoja burgumesta. Nimengoja huyu, na mwenye alikuwa mbele yake, na mwenye alikuwa mbele ya ule. Hatakuya. Mbao iko nzuri bado. Ile shule, masomo ya chini ya avenyu, haina mulango ya choo, batoto banaona haya. Naomba tumupe fundi, aikate. Mwenye anakubali, ainue mukono."

Nilimwona mama wa mfereji anatazama chini. Kisha mikono ikaanza kuinuka, polepole, kama watu wanaobeba kitu kizito, kwa sababu ilikuwa ombi la mgonjwa na kwa sababu mlango wa choo ulihitajika kweli. Nikaanza kuhesabu.

Mke wake alitoka mlangoni. Aliweka chini sinia ya vikombe, juu ya udongo. Alipita katikati ya duara, akijifuta mikono kwa kitenge, akafika mbele ya kiti cha mbao nyekundu. Alishika mkono mmoja wa kiti kwa vidole, kama anayepima joto. Akageuka. Akakaa.

Alikaa wima, mapaja yameungana, mikono imelala juu yake kama iliyozoea kushika kitu pale. Kisha akainua mmoja.

"Napinga."

"Mama," Papa Konseye akasema. "Ile kiti ni ya burgumesta."

"Burgumesta akuye anitoe."

Nilisikia mtu akicheka na mtu akilia. Huenda alikuwa mtu mmoja. Mama hakutazama yeyote kati yetu. Alitazama barabara, upande wa komini, na alikuwa na mengi ya kusema, na akaanza kuyasema: jina la mtoto, ambalo hatukuwahi kulisikia, na jina la mtu aliyeshika orodha, na kwamba kiti hiki hakiendi chooni wala popote mpaka burgumesta mmoja, aliyechaguliwa au aliyeteuliwa, akikalie hapa na kumjibu yeye.

Papa Konseye alikuwa amefunga macho. Uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Mwana," akaniambia, "andika. Mmoja amepinga."

Niliandika. Saa ya kengele ikalia gotini mwake. Dakika tatu za mama zilikuwa zimekwisha. Hakuinuka.